Kukimbia nje Januari hapa Minneapolis, Marekani: ogopa jasho kuliko baridi

Mdogo wangu, umeuliza kama lile koti zito ulilonunua linafaa kukimbilia, na kama ni kweli chini ya sifuri watu wote wanahamia kwenye mashine za jim. Koti hilo la kusubiria basi. Nje utakimbia tu. Mimi nazunguka ziwa la Bde Maka Ska Januari yote, na nimekulia Tanga.

Kinachoumiza huku ni jasho likikutana na upepo. Ukijisikia raha pale mlangoni, ujue umevaa kupita kiasi: kilomita ya pili umelowa, na ukipunguza mwendo kidogo tu mgongo unakuwa barafu. Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 za Selsiasi zaidi ya simu inavyosema. Dakika 10 za mwanzo utatetemeka na kunilaani, vumilia.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Tafuta poliesta nyembamba ya michezo inayobana, au sufu laini ya kondoo wa merino kama mfuko unaruhusu. Pita pia maduka ya mitumba, watu wa huku wanatoa vitu vya maana. Kati ya 0 na -5, fulana hiyo ya mikono mirefu na jaketi jembamba la kuzuia upepo vinatosha kabisa. Kuanzia -10 kwenda chini ndipo naongeza sweta jepesi la flisi (kile kitambaa chenye manyoya laini) katikati. Jaketi liwe na zipu ndefu: ukichemka unaishusha, ukikabili upepo unaipandisha. Miguuni taiti moja, na baridi ikizidi suruali ya upepo juu yake. Na sisi wanaume tusioneane haya: zipo chupi zenye kitambaa cha kuzuia upepo upande wa mbele. Nunua.

Mikononi, glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja zina joto kuliko za vidole vitano. Kichwani mzula, shingoni skafu ya mviringo unayoweza kuivuta hadi puani. Hiyo inasaidia sana kama una pumu, maana hewa kavu ya baridi huiamsha. Mashavuni wengi wanapaka mafuta ya mgando, nami napaka, ila yasikudanganye kwamba ni kinga. Joto likiwa -18 na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unahisi kama -28, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Kwa hiyo angalia upepo kabla ya kuangalia nyuzi. Anza kwa kuukabili ukiwa bado mkavu, urudi upepo ukiwa mgongoni.

Soksi moja ya sufu inatosha. Ukipachika mbili raba inabana, damu haifiki vidoleni na unapata baridi zaidi. Njia za kuzunguka maziwa husafishwa theluji, lakini kuna barafu nyembamba usiyoiona. Kwa siku hizo kuna mipira yenye meno ya chuma ya kuvisha juu ya raba. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo vaa kizibao kinachong'aa na taa ya kichwani. Simu iweke ndani ya jaketi karibu na mwili, la sivyo chaji itakata ukiwa mbali.

Ukirudi vua nguo mbichi hapo hapo, hadithi na chai baadaye. Ukiona kidole au ncha ya pua imepauka na haina hisia, usisugue wala usipake theluji kama wengine watakavyokushauri: ingia ndani, pasha kwa maji ya uvuguvugu, na hisia isiporudi nenda hospitali. Ikifika -25 na upepo juu yake, hata mimi utanikuta jim.