Kulala garini Malindi, na majirani utakaowakuta huko

Ndugu muulizaji, umeuliza ni wapi Malindi unaweza kuegesha Noah yako ulale ndani wiki kadhaa kabla ya kuendelea Lamu. Chini ya swali lako mwenzetu mmoja akasema mji uwaondoe wote wanaolala nje, wenye magari na wasio nayo, maana wanachafua ufuo. Nitajibu yote mawili. Nimeishi ndani ya gari mjini humu, na majirani zangu wa usiku walikuwa hao hao anaotaka waondolewe.

Kwanza mambo ya gari. Usiende ufuoni. Najua picha zinavutia, mivinje na bahari mbele yako, lakini mchanga wa ufuo wa Silversands unameza magurudumu, na walinzi wa mahoteli hawataki kuona gari usiku. Mimi nilifukuzwa na walinzi wa hoteli moja usiku wa manane huku mvua inanyesha. Watu husema pwani ni ya umma. Ni kweli, Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Hapo ndipo bahari yenyewe hulala, na siku za bamvua, maji yanapojaa sana, hutapata hata pa kuweka mkeka.

Tafuta mahali penye watu wanaofanya kazi usiku kucha. Kituo cha mafuta chenye bawabu ndicho bora. Au ulale karibu na malori yanayosubiri kupambazuke yaelekee Garsen, maana utingo mmoja huwa macho kila saa. Ukifika usilaze kiti ukalala hapo hapo. Shuka, msalimie bawabu, mwambie unatoka wapi na unakwenda wapi, muulize utasumbua nani ukiegesha hapo. Bawabu akikujua, mji wote umekujua. Asipokujua, wewe ni gari geni lenye mtu ndani, na yeye ndiye atakayepiga simu.

Joto ndilo litakalokutesa kuliko wezi. Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, bati la gari linabaki na moto mpaka usiku umekwenda sana. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, teremsha vioo vya pande mbili vidole viwili vitatu, kisha tupia neti juu ya fremu ya mlango ndipo uufunge, mlango wenyewe utaibana. Usiwashe injini ili upate AC ukalala. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye jiko la makaa. Watu wamekufa namna hiyo wakidhani wamepata usingizi mzuri. Chai pika nje.

Halafu kuna choo na kuoga. Hili hakuna anayeliuliza kabla ya kuja, na ndilo linaloamua kama utaheshimiwa au utafukuzwa. Mchana utapata choo cha kulipia, usiku ni shida. Kwa hiyo kubaliana na kituo cha mafuta mapema na ulipe bila kuombwa. Maji ya mkokoteni yanauzwa kwa mtungi. Mifereji ya udhu msikitini si ya kufulia nguo. Ukihitaji kunawa, muombe muadhini, na ukimaliza acha mahali pakavu.

Sasa nije kwa mwenzetu wa pili.

Nilikuwa dereva wa watalii. Gedi, Watamu, Marafa, Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu. Machi 25, 2020, kwa sababu ya korona, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Siku mbili baadaye ikaanza kafyu. Aprili 8 kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Watalii wa Kiitaliano walikuwa wamekwenda, mahoteli yamefunga mageti, na kodi ya nyumba haikusimama. Niliona heri nimrudishie mwenye nyumba ufunguo kuliko kulimbikiza deni nisiloweza kulilipa. Mke wangu na watoto wakaenda kwa wazazi wake Ganze, mimi nikabaki na gari mjini nikitafuta vibarua vya kubeba mizigo.

Kafyu ilianza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Amri ilikuwa kila mtu awe nyumbani kwake. Sasa asiye na kwake awe wapi? Hilo swali lilikuwa linatembea barabarani kila jioni. Nilikuwa naegesha nyuma ya maduka, na kwenye kibaraza cha duka moja alikuwa akilala mama mmoja na watoto wawili. Alikuwa akifulia watu nguo majumbani. Nyumba zikaacha kumwita kwa kuogopa ugonjwa, akashindwa kodi, akatolewa. Alfajiri alikunja leso na maboksi, akafagia kile kibaraza chote, akaondoka kabla mwenye duka hajafika. Sijapata kuona kibaraza kisafi kama kile. Leo nikisikia mtu anasema wanaolala nje wanachafua mji, yeye ndiye ninayemkumbuka, na roho inaniuma.

Kati yangu na yeye tofauti ilikuwa kitasa. Mimi nilifunga mlango nikalala. Yeye alilala vipandevipande, jicho kwa watoto. Ndiyo maana nakwambia, ndugu muulizaji, ukifika usiku ukakuta watu kwenye kibaraza, usiwamulike taa, usiegeshe ukawazibia njia. Hapo pana wenyewe, hata kama asubuhi hutawaona.

Sheria nayo watu wanaizungumza kwa kubahatisha. Kenya ilikuwa na sheria ya uzururaji tangu ukoloni, na ilifutwa mwaka 1997. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa alilotenda. Katiba yetu kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwalo. Yaandike mahali. Hayo hayakupi ruhusa ya kuegesha popote, maana kaunti ina sheria zake za maegesho na ukivunja utalipa. Lakini kukosa nyumba peke yake si uhalifu.

Mwenzetu ametoa mfano wa Marekani. Ni kweli, Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini wanaolala kwenye maeneo ya umma. Ila mahakama iliulizwa kama adhabu hiyo inavunja katiba yao, haikuulizwa kama inampatia mtu pa kulala. Aliyeshindwa kodi, faini ataitoa wapi?

Hesabu ya serikali yetu ya mwaka 2018 ilikuta watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, na Mombasa peke yake 7,529. Hao huwezi kuwasukuma kutoka wadi moja mpaka nyingine ukasema kazi imekwisha.

Na hapa Malindi kuna sababu nyingine ya kutowaondoa, ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya vijana wanaolala nje, mnaowaita mateja kwa kutumia unga, yaani heroini, wako kwenye matibabu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, iko hospitali ya hapa hapa mjini, na dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hupewi ya mwezi ukaondoka nayo. Kijana asiye na nauli analala karibu ili asubuhi afike kwa miguu. Mpakie kwenye lori umshushe nje ya mji, kesho amekosa dozi, keshokutwa amekosa tena, na akirudi mjini anarudi kwa muuza unga. Nilimjua mmoja aliyekuwa akiniamsha alfajiri kila siku akipita kwenda kunywa dawa. Aliniosha gari kwa malipo kidogo na hakuniibia hata sarafu. Alikuwa anajitahidi kuliko wengi wetu.

Ninachotaka mji ufanye ni kidogo na kinawezekana. Choo cha umma kifunguliwe usiku, chenye mfereji na taa na mtu wa kukilinda. Papatikane uwanja mmoja unaojulikana ambapo magari yanaweza kulala kwa ada ndogo, ili madereva wa malori na wageni kama ndugu muulizaji wasitapakae ovyo. Na wenye watoto wapewe chumba kwanza, kabla ya kupaka rangi bustani. Kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti kikiitishwa kwenye wadi yetu nitakwenda kuyasema haya. Walio Malindi na wanaosoma uzi huu, njooni twende pamoja, maana mtu mmoja akisimama peke yake kusema habari ya choo huambiwa akae chini.

Ndugu muulizaji, ukitoka hapa kwenda Lamu ondoka alfajiri, usiendeshe barabara ile usiku, na uulize vizuizi vya polisi kama msafara unasindikizwa. Gari utaliacha Mokowe, upande wa bara, uvuke kwa boti hadi kisiwani. Hapo nako anza kwa kumsalimia bawabu.