Jibu: Kubakwa, mimba na "ngojeni kesi iishe"

Salaam dada. Umeuliza kama ni kweli binti ya dadako, aliyebakwa na sasa ana mimba, hawezi kusaidiwa kutoa mimba hospitali mpaka kesi iishe, kama mlivyoambiwa kituo cha polisi. Si kweli, na inaniuma kwamba bado watu wanaambiwa hivyo.

Someni Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachohusu utoaji mimba. Ubakaji haukutajwa, na hapo ndipo watu hubabaishwa. Kinachoangaliwa ni kama maisha au afya ya mama iko hatarini, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa. Juni 2019 Mahakama Kuu ikafafanua kwamba afya ni pamoja na ya akili, na kwamba aliyebakwa ana haki ya kutoa mimba mtaalamu akiona afya yake iko hatarini. Kifungu hicho hakidai P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari) wala hukumu.

Kwanza kabisa, binti mwenyewe anataka nini? Nimekaa benchi la hospitali na wasichana wengi huku mama na shangazi wakijibu kila swali la daktari. Mwacheni aseme mwenyewe kama hapati usingizi, hawezi kula, au anawaza kujidhuru. Hayo ndiyo daktari huyapima.

Nendeni hospitali ya Coast General, Mombasa, kuna kitengo cha waliodhulumiwa kijinsia. Msichelewe, na wauza vidonge mitaani msiwakaribie. Mwambieni daktari mapema kwamba kuna kesi, ili sampuli ya vinasaba (DNA) ihifadhiwe na polisi waipokee kwa maandishi.