Monita yalia, nesi hana haraka

SWALI: Asalaam aleikum Bi Nesi. Jumapili usiku tumetoka harusini Kisauni mamangu akashikwa na pumu, tukambeba na tuktuk mpaka hospitali, kufika emajensi wakambandika waya kifuani na kile kidude cha kubana kidole, basi monita ikaanza kulia tii tii tii imeandika 84, mimi roho juu, nesi akaja polepole akabonyeza ikanyamaza, akamtizama mama, akakitoa kidude kidoleni akambana nacho sikioni, namba ikapanda 93, akaenda zake kwa mgonjwa mwengine. Ikalia tena mara tatu na hakuna aliyekuja mbio. Kwani hizo mashine za nini kama hazisikizwi?
Binti wa Majengo

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, pole kwa kuuguza. Mamako alikuwa na piko, lile pambo jeusi la harusini, vidoleni? Nauliza na jibu nalijua, si umesema mwatoka harusini. Kile kidude hupitisha mianga miwili kidoleni, mwekundu na wa infraredi usioonekana kwa macho, damu yenye oksijeni huumeza tofauti na isiyokuwa nayo, hapo ndo mashine hupata hesabu yake, ile 84 na 93 uliyoiona, ni oksijeni ya damu kwa 100. Sasa piko jeusi nalo humeza mwanga. Takuo Aoyagi, yule Mjapani aliyeibuni hesabu hiyo miaka ya 1970, sidhani aliwaza mapiko ya Kibokoni! Nesi wako aliliona, akahamia sikioni. Huyo anajua kazi.

Kuhusu kelele, mgonjwa akikohoa inalia, akijigeuza inalia, mkono ukiwa baridi au kibandiko kikilegea kwa jasho inalia, sasa piga hesabu vitanda kumi shifti nzima, masikio yanazoea tu. Na simtetei mtu hapa, kuna wagonjwa wamekufa alamu ikilia watu wamezoea.

Ndo maana hatuangalii namba moja. Waingereza walitoa hesabu yao mwaka 2012 ya kujua mgonjwa amezidiwa kiasi gani, waiita NEWS, unajumlisha pumzi, oksijeni, kama amewekewa oksijeni au la, presha, mapigo, joto na akili zake kama ziko sawa, kila kimoja kina pointi, pumzi 25 kwa dakika au zaidi pekee ni pointi 3, jumla ikifika 7 daktari aitwe hapo hapo. Kuna monita zinazojumlisha zenyewe. Lakini pumzi mie nahesabu kwa macho, dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka.

Mimi inayonitisha ni monita iliyonyamaza. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha kidude na kipimo cha damu iliyochotwa mshipani, kidude kikisema 92 hadi 96, wagonjwa weusi karibu 12 kwa 100 oksijeni yao kumbe iko chini ya 88, weupe ni kama 4. Ngozi zetu hizi, mwanangu. Kwa hivo ukimuona mama hamalizi sentensi, au alikuwa akihema kwa sauti ghafla kifua kimenyamaza na yeye anasinzia, usingoje alamu, ita nesi kwa sauti, akikununia nuniwa tu.

Halafu rangi ya kucha hutoka kwa asetoni, piko halitoki, so usije ukamkwaruza mamako vidole bure, waambie tu wambane sikioni.