Modeli ya otojairo Cierva C.30A: anza na rota

Wengi wanaojenga modeli ya ndege kwa mikono, bila vipande vya kununua, huanza na kiwiliwili, halafu mkia, na mapanga huja mwishoni. Kwa otojairo, yaani ndege inayobebwa na rota (mapanga yanayozunguka juu yake), nashauri kinyume chake: kichwa cha rota, kitovu kinachoshika mapanga hayo, kwanza, mengine yafuate. Nazungumzia Cierva C.30A kwa kipimo cha 1/24, ndege ya mwaka 1934 iliyojengwa na Avro huko Uingereza.

Elewa kwanza inavyoruka. Hewani, injini haizungushi rota hata kidogo. Injini iko puani, inazungusha pangaboi la kuivuta ndege mbele, na upepo unaopenya kutoka chini ndio unaoyazungusha mapanga ya juu. Mhandisi Mhispania Juan de la Cierva alisumbuliwa sana na ndege zake za mwanzo kupinduka upande, maana panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mkali kuliko linalorudi nyuma. Akaliunga kila panga kwa bawaba ili lipande na kushuka lenyewe, na mwaka 1923 otojairo yake C.4 ikaruka. Bawaba hiyo ndiyo roho ya modeli yako.

Kwa sababu yake, C.30A ikisimama uwanjani mapanga matatu hulegea, ncha zikiinama. Ikiwa angani hupanda kidogo. Amua mapema ndege yako imesimama au inaruka. Mapanga yaliyonyooka kama rula ndiyo kasoro ninayoiona mara nyingi kwenye modeli za otojairo, na inaniuma kwa sababu mara nyingi kazi iliyobaki ni safi.

Kipenyo cha rota halisi ni mita 11.28, kwa hiyo kwako ni sentimita 47. Kiwiliwili, mita 6 hivi, kinakuwa sentimita 25 tu. Yaani panga moja linakaribia urefu wa ndege nzima, na plastiki tupu itajipinda yenyewe baada ya muda. Ndani ya kila panga naweka waya mgumu wa chuma wa milimita 0.8. Naukunja kwa vidole, kidogo kidogo, juu ya mchoro mpaka ufuate mlegeo ninaoutaka, ndipo naubana katikati ya karatasi mbili nyembamba za plastiki. Ukigundisha kwanza ukakunja baadaye, gundi inaachia. Ikikauka, ukingo wa mbele uviringishe kwa msasa, wa nyuma uukonde.

Injini ni Genet Major ya silinda 7, nguvu za farasi 140, na iko wazi, kila mtu ataitazama. Chukua kijiti cha mviringo, kipake gundi, kizungushie uzi wa kushonea, kila mzunguko ukigusa uliotangulia. Kikikauka kikate vipande saba: mistari ya uzi ndiyo mapezi ya kupozea. Vipange kwa duara, pembe ya digrii 51 na nusu kasoro kidogo kati ya kimoja na kingine. Usisahau shafti nyembamba inayopanda kutoka kwenye injini hadi kichwa cha rota. Rubani aliitumia, kwa klachi, kuyaanzisha mapanga kabla ya kupaa.

Mkia nao una mambo yake. Hauna usukani wala vibawa vinavyocheza, kwa hiyo usichore mistari ya bawaba huko. Rubani aliinamisha kichwa chote cha rota kwa fimbo iliyoning'inia kutoka juu, na fimbo hiyo lazima ionekane. Tena upande mmoja wa bawa la mkia una umbo lililogeuzwa chini juu, ili kupinga nguvu ya injini ya kuipindua ndege upande. Pitia picha nyingi za karibu kabla ya kukata. Ukifika London, C.30A zipo Science Museum na makumbusho ya RAF (jeshi la anga la Uingereza), Hendon.

Kitambaa cha kiwiliwili napata kwa karatasi ya shashi na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Inabonyea yenyewe kati ya fito. Rangi ya fedha ipulizie nyembamba, juu ya kijivu.

Kama rafu yako haina nafasi ya sentimita 47, ijenge ikiwa imekunjwa. Mapanga ya C.30A yalikunjwa yote kuelekea mkiani ili iingie kwenye banda, na hapo bawaba zako zitaonekana vizuri zaidi.