Sanduku la Gozi: Chora mistari mitatu kabla ya kutabiri

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu raundi mbili za mwisho za jedwali la Klabu Bingwa Ulaya, Januari 20-21 na Januari 28, 2026, zinazochezwa huku EPL (Ligi Kuu ya Uingereza) ikiendelea kila wikendi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mhariri, jedwali hili la timu 36 bado linanichanganya. Nikitaka kutabiri mechi za Januari 28, nianzie wapi? – Shabiki wa Arsenal, Kayole

Chukua kalamu uchore mistari mitatu kwenye jedwali: chini ya nambari 8, chini ya 16 na chini ya 24. Kila timu hucheza mechi 8, nne nyumbani na nne ugenini. Nane za kwanza huingia moja kwa moja hatua ya 16-bora. Za 9 hadi 24 hukutana katika mchujo wa mikondo miwili, Februari 17-18 na 24-25. Za 25 kwenda chini zimeaga, na siku hizi hakuna kuteremka Europa League, shindano la pili la Ulaya, kujipoza.

Mstari wa 8 ndio wenye thamani kubwa kwa sababu unaokoa mechi mbili za Februari. Ule wa 16 ni mwepesi zaidi: anayemaliza kati ya 9 na 16 hupewa mkondo wa pili nyumbani, basi. Wa 24 ni kufa au kupona. Msimu wa 2024/25, Aston Villa walimaliza wa 8 kwa pointi 16, Atalanta wakawa wa 9 kwa 15. Kule chini, Club Brugge na Dinamo Zagreb walikuwa na pointi 11 kila mmoja. Brugge wakashika nafasi ya 24 kwa tofauti ya mabao, Zagreb wakarudi nyumbani.

Sasa iulize kila timu swali moja: matokeo ya usiku huo yanaweza kuivusha mstari wowote? Kama hayawezi, tarajia kocha apumzishe nyota wake, hasa ikiwa ana mechi ngumu ya ligi wikendi hiyo. Hapo ndipo watabiri wengi huteleza. Wanaona jina kubwa dhidi ya jina dogo, kumbe mdogo anapigania nafasi ya 24 na mkubwa analinda miguu ya mshambulizi wake.

Tahadhari moja. Msimu huu wa 2025/26 walio kileleni nao wana cha kupigania. Wanaomaliza 1 hadi 4 watarudiana nyumbani katika robo fainali, na wa 1 na wa 2 watafanya hivyo hata nusu fainali. Ukimng'oa mmoja wao, unarithi nafasi yake. Msimu wa 2024/25 hilo liliamuliwa kwa droo. Ndiyo maana Arsenal wako, waliomaliza wa 3, walimalizia nusu fainali Paris dhidi ya PSG waliokuwa wa 15. Barcelona, wa 2, nao walirudiana Milan na Inter waliokuwa wa 4 na kuondolewa kwa jumla ya 7-6 baada ya muda wa ziada.

Na usimzike aliye katikati ya jedwali. PSG hao hao wa 15 waliwafunga Brest 10-0 kwa jumla, wakawatoa vinara Liverpool kwa penalti ugani Anfield, kisha wakawatandika Inter 5-0 katika fainali.

Pointi zikilingana, huangaliwa tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga, mabao ya ugenini, idadi ya ushindi, halafu ushindi wa ugenini. Matokeo ya timu mbili zilipokutana, yanayoamua mambo Uhispania, hayatumiki hapa, maana timu nyingi hata hazikutani. Kwa hivyo bao la dakika ya 90 wakati timu iko nyuma 3-0 linaweza kuwa la maana sana.

Mbona saa za mechi hubadilikabadilika? Juzi nilifika kibandani kipindi cha kwanza kimeisha. – Githurai 45

Saa zetu hazisogezwi, za Ulaya husogezwa mara mbili kwa mwaka. Wakati huu wa baridi tuko mbele ya London kwa saa tatu na mbele ya Paris au Madrid kwa saa mbili. Mechi za Ulaya za mapema huanza saa 2:45 usiku hapa Nairobi, za baadaye saa 5:00 usiku. Machi 29 wao watasogeza saa mbele, nasi tutapata afueni: robo fainali za Aprili zitaanza saa 4:00 usiku. Hatua ya 16-bora, Machi 10-11 na 17-18, bado itakuwa saa 5:00.

EPL ni hivyo hivyo. Mechi ya Jumamosi ya saa 9:30 alasiri itakuwa saa 8:30 mchana kuanzia Aprili, na zile za saa 12:00 jioni zitasogea hadi saa 11:00.

Januari 28 mechi zote 18 zitaanza kwa pamoja saa 5:00 usiku na kwisha karibu saa 7:00. Kabla ya kulipa kiingilio, muulize mwenye kibanda ataonyesha mechi ipi. Mwenye runinga mbili hawezi kuridhisha mashabiki wa klabu sita. Nauli ya kurudi nayo ipange mapema. Matatu za saa hiyo hazina huruma.

Timu yangu ikicheza Ulaya katikati ya wiki, wikendi inatembea tu uwanjani. Ni uvivu? – Buruburu

La, dada. Hesabu saa. Kutoka mechi ya Jumatano usiku hadi ile ya Jumamosi saa 12:00 jioni ni saa 67 pekee. Ikisogezwa Jumapili saa 11:00 jioni, zinakuwa 90. Wataalamu wengi wa mazoezi hutaka angalau 72 ili misuli irejee. Ongeza safari ya ndege usiku wa manane, na kocha anabaki na kikao kimoja tu cha mazoezi ya maana. Kabla ya kulaumu wachezaji, tazama vitu viwili: mpinzani alipumzika siku ngapi, na alicheza nyumbani au ugenini.

Wakati mwingine klabu huchagua kabisa shindano la kupigania. Msimu wa 2024/25 Tottenham walimaliza wa 17 katika EPL na Manchester United wa 15, lakini ndio waliokutana fainali ya Europa League pale Bilbao. Tottenham walishinda 1-0 na kuingia Klabu Bingwa. Aliyetabiri mechi zao za ligi za Aprili na Mei kwa majina pekee alilia.

Januari hii kuna AFCON pia. Fainali ni Januari 18 nchini Morocco, siku mbili tu kabla ya raundi ya saba Ulaya. Mchezaji atakayefika mbali huko, mhesabu kama wa akiba kwanza.

Kadi za njano za EPL huhesabiwa Ulaya? – Kawangware

Hapana, kila shindano lina daftari lake. Ulaya ukifikisha tatu unakosa mechi moja, na kadi hizo hufutwa robo fainali zikiisha. EPL, kadi tano ndani ya mechi 19 za kwanza ni mechi moja nje. Baada ya hapo macho yawe kwenye kadi ya 10 hadi mechi ya 32, ambayo adhabu yake ni mechi mbili.

Naomba ushauri wa Fantasy, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha EPL. Kila mara nachelewa kubadilisha kikosi. – Umoja

Makataa ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya Ijumaa saa 5:00 usiku ina maana ufunge kikosi kabla ya saa 3:30. Ya Jumamosi saa 9:30 alasiri, kabla ya saa 8:00 mchana. Mabadiliko ya bure unaweza kuyalimbikiza hadi matano, kwa hivyo usilipe pointi 4 kwa kumwondoa mtu aliyelala wiki moja. Beki anayefikisha vitendo 10 vya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira hupata pointi 2 hata akifungwa. Mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa sana ni wa bei rahisi na hufika hapo mara nyingi.

Niliweka timu ishinde, ikafuzu kwa penalti, nikaambiwa nimepoteza. Nimeibiwa? Na jakpoti ya mechi 17 je? – Rongai

Hukuibiwa, kaka. Dau la kushinda, sare au kushindwa huhesabu dakika 90 na za majeruhi tu. Muda wa ziada na penalti ni dau jingine, la nani atafuzu. Na kuhusu jakpoti ya mechi 17 uliyouliza: hata kama ungekuwa sahihi asilimia 60 kwa kila mechi, ungezipata zote mara 1 katika takriban 5,900.