Apu inanipa alama 90, lakini wimbo nashindwa kuudaka

Swali: Mwalimu habari za kazi. Mi napiga gita mwaka wa nne sasa, kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nazijua, skeli (noti zikipangwa kwa ngazi) nazijua. Nimefanya mazoezi ya masikio kwenye apu ya simu kwa miezi kadhaa, na intavali, yaani umbali kati ya noti mbili, naziweza, nikipigiwa noti mbili nataja fasta kwamba hii ni ya tatu meja, hii ni ya tano, napata 90 na kitu kwa mia. Ila nikiwekewa wimbo wa kawaida kabisa nitafute kodi zake kwa kusikiliza tu, naishia kubahatisha kwenye gita mpaka nakata tamaa. Jamaa mmoja tunayepiga naye anasema yeye anasikia tu, na kwamba masikio mtu anazaliwa nayo, kama hukupewa basi. Ni kweli? Na kama si kweli, nakosea wapi?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Nianze na hilo la kuzaliwa nayo maana limeshawakatisha tamaa watu wengi wenye uwezo mzuri tu. Ni kweli wapo watu wachache wanaosikia noti moja tu ikilia na wanakwambia hapo hapo hiyo ni F kali, bila kupewa noti yoyote ya kulinganishia, na wengi wao walianza muziki wakiwa watoto wadogo sana. Lakini hicho sicho kifaa unachohitaji kutafuta kodi za wimbo. Unachohitaji ni kusikia uhusiano wa noti, na huo tayari unausikia, ushahidi ni kwamba wimbo unaoujua ukiimbwa juu au chini, kwa sauti ya mtoto au ya mzee, unautambua ni ule ule. Hakuna noti hata moja iliyobaki mahali pake na bado umeutambua. Kwa hiyo masikio unayo, kilichobaki ni kuyapa majina ya kile yanachokisikia, na huyo jamaa yako uwezekano mkubwa ni kwamba amekopi nyimbo nyingi kwa muda mrefu mpaka haoni tena kama ni kazi.

Sasa unapokosea. Apu inakupa noti mbili zikiwa peke yake, hazina nyumbani. Wimbo hauko hivyo, wimbo una noti moja ambayo ndiyo nyumbani, ile do ya do re mi fa sol la ti, na kila noti nyingine unaisikia kwa jinsi inavyosimama mbele ya hiyo do. Fanya jaribio hili leo leo: piga kodi za C, F, G halafu C, ili sikio likae kwenye kii ya C, yaani C ndiyo iwe do. Kisha piga noti C na E. Rudia zile kodi, piga F na A. Rudia tena, piga G na B. Zote tatu ni ya tatu meja, nusu toni nne kamili (nusu toni ni freti moja hadi inayofuata), na apu yako itazipa jina moja. Lakini sikiliza vizuri, do kwenda mi imetulia, haidai kitu. Fa kwenda la iko njiani. Sol kwenda ti inakuacha unaning'inia, unataka mtu apige C haraka akushushe. Kitu ambacho sikio lako limekisikia hapo ni kikubwa kuliko umbali wa noti mbili, na ndicho apu haikukufundisha kukitaja.

Halafu kuna hesabu tu ya kawaida. Wimbo wa mwendo wa wastani unaweza kupitisha noti tatu au nne kwa sekunde, huna muda wa kupima umbali wa kila noti na ya nyuma yake, na mbaya zaidi ukikosea umbali mmoja noti zote zinazofuata zinahama, ukifika mwisho wa mstari uko kii nyingine kabisa. Ukisikia kwa do, kosa la noti moja linabaki la noti hiyo moja. Ndo maana hata ile mbinu ya kukumbuka intavali kwa mwanzo wa wimbo fulani siipendi sana, inasaidia wiki za mwanzo halafu inakuwa kizuizi, kwa sababu wimbo ule umeanzia do mfano, na wewe unataka kuutumia kwa noti zilizoanzia sol.

Hili si jipya. Mengi ya majina haya yanatoka kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, na karne ya 19 kule Uingereza Sarah Glover na baada yake John Curwen wakatengeneza mfumo wa solfa ya herufi ili waimbaji wasiojua kusoma noti za mistari mitano waweze kuimba kitu wasichowahi kukisikia. Jambo la msingi kwao ni kwamba do inahama, kii ikiwa G basi do ni G. Usichanganye na utaratibu wa nchi kama Ufaransa na Italia ambako do ni C siku zote, huo ni wa kutaja noti, kwa kazi yetu hii unataka do inayohama.

Mazoezi yenyewe sasa. Kwanza jifunze kuitafuta do kabla ya kitu kingine chochote, na gita liweke chini. Weka wimbo, usimamishe popote, halafu imba mdomo ukiwa umefungwa noti ambayo ungependa wimbo uishie hapo. Mara nyingi utatua penyewe bila kufikiri, ndipo uichukue gita uitafute hiyo noti. Kama wimbo una ile hali ya maina (ile rangi ya huzuni), sauti yako itatua kwenye la, kuna wanaopenda kuiita do nayo ni sawa, mi naona la inarahisisha kwa sababu noti zingine zinabaki na majina yale yale. Fanya hivi kwa nyimbo nyingi bila kutafuta kodi hata moja. Watu wanaruka hatua hii wanaona ni ndogo, na ndiyo inayobeba kila kitu.

Pili, imba. Najua wapiga gita wengi hawapendi kusikia hili, lakini noti usiyoweza kuiimba ukiwa peke yako hutaisikia vizuri ndani ya bendi. Piga waya mnene wa E uache ulie, hiyo ndo do yako, imba do re mi fa sol ukishuka na kupanda taratibu, ukizoea uanze kuruka, do kwenda la, do kwenda fa, do kwenda ti ya chini. Imba kwanza, hakiki kwenye gita baadaye, usigeuze, maana ukipiga kwanza unaiga tu, hujafikiri. Utaona noti tatu zimetulia, do, mi na sol, na nyingine zinavutwa: re inataka do, fa inashuka mi, la inaelekea sol, ti inapanda do, na fa na ti ndo zina nguvu zaidi kwa sababu kila moja iko nusu toni tu kutoka inakokwenda. (Hapa kuna kitu kitakushangaza, ukiimba mi juu ya waya unaolia inaweza ikatulia chini kidogo ya ile ya gita, usidhani umekosea. Nusu toni moja ya gita ni senti 100; ya tatu meja safi ni kama senti 386, na ya gita ni senti 400 kwa sababu freti zimegawanywa sawasawa, na sikio linaisikia tofauti hiyo.)

Tatu ndo kodi zenyewe, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo kilio chako kilipo. Usisikilize kodi nzima kwa mara moja, sikiliza besi. Imba besi mdomo ukiwa umefungwa, usisikilize melodi wala vyombo vingine, na uitaje kwa solfa. Nyimbo nyingi sana zinazunguka do, fa, sol na la, basi. Na ugomvi mkubwa wa wanaoanza ni kujua kama kodi imekwenda fa au sol, zote mbili zimetoka nyumbani na zote zinasikika kama safari. Dawa yake ni hii: shikilia do kwa mdomo, isikatike, wakati kodi zinabadilika. Kodi ya fa ina fa, la na do, kwa hiyo do yako inakaa ndani kwa raha. Kodi ya sol ina sol, ti na re, do yako haimo, na inasuguana na ti iliyo nusu toni chini yake, utaisikia inakukera unataka kuihamisha. Ikikaa ni fa, ikisuguana ni sol. Ya la maina nayo ina do ndani, lakini besi imeshuka kwenye la na rangi ni ya maina, hutaichanganya na fa kwa muda mrefu. Re maina na mi maina ziongeze baadaye, hizi nne kwanza ziwe kitu cha kawaida.

Mtihani mwingine ni besi ikiwa kwenye mi au ti. Usikimbilie kuandika mi maina! Mara nyingi ni kodi ya do ambayo mpiga besi ameiweka mi chini, na ti mara nyingi ni kodi ya sol, hasa besi ikishuka do, ti, la. Kipimo ni kile kile cha do ya mdomoni, besi ikiwa mi na do inakaa vizuri basi ni kodi ya do, inasuguana basi ni mi maina kweli.

Nakuomba usifanye haya kwa spika ya simu. Waya wa chini kabisa wa gita la besi ni karibu Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa hiyo, unachosikia ni zile sauti za juu zaidi zinazolia pamoja na ile noti na ubongo unajazia, kwa hiyo unatafuta kitu ambacho karibu hakipo. Vaa hedifoni za kawaida tu. YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo, weka 0.75 au 0.5, noti hazibadiliki, na rudia kipande kifupi cha sekunde kama 5 badala ya wimbo mzima. Na ukikuta wimbo unaangukia katikati ya freti mbili, hauko C hauko C kali, gita likiwa limetyuniwa kwa kipimo cha kawaida, A ya Hz 440, ujue rekodi nyingi hasa za zamani ziko juu kidogo au chini kidogo, sogeza nyaya zako zifuate wimbo uendelee na kazi.

Apu usiitupe. Nyingi zina zoezi lingine ambalo watu hawalifungui, inapiga kwanza kodi kadhaa za kukupa kii halafu noti moja tu, wewe unataja ni ya ngapi kwenye skeli. Hamia hilo, achana na la noti mbili. Dakika 15 kila siku zinatosha kabisa na zinashinda masaa mawili ya Jumamosi peke yake, sikio likichoka linaanza kubahatisha na wewe unajifunza kubahatisha.

Kwa kuanzia chagua wimbo wa kodi tatu ambao melodi yake unaiimba bila shida. Tafuta melodi kwenye waya mmoja tu, ili umbali wa noti uuone kwa macho, kisha andika besi kwa solfa kwenye karatasi, do fa do sol, bila herufi za kodi. Karatasi hiyo hiyo ipige kwenye G, halafu kwenye D, bila kuusikiliza tena wimbo. Ikikukwama kwenye kii ya pili, rudi kwenye kushikilia do kwa mdomo, usirudi kwenye intavali.