Helter Skelter: ununue, ila usikianzie mwanzo

Ndugu, umeuliza kama ununue kitabu cha Helter Skelter, maana wengine wanakisifu, wengine wanasema kinachosha, nawe ukisoma habari za mauaji hupati usingizi. Wote wamesema kweli. Vincent Bugliosi, aliyekiandika na Curt Gentry mwaka 1974, ndiye mwendesha mashtaka aliyemshtaki Charles Manson, kiongozi wa kikundi cha wauaji, na wafuasi wake kwa mauaji ya Agosti 1969 kule Los Angeles. Ndiyo maana mahakama imejaa humo: mashahidi, pingamizi, mabishano ya mawakili. Mimi hapo ndipo kiliponinogea, lakini anayetafuta msisimko tu atasinzia.

Kwa hali yako, ruka kurasa za mwanzo za nyumbani kwa Sharon Tate, mwigizaji wa filamu aliyeuawa akiwa mjamzito. Ni nzito mno. Anzia upelelezi unapomfikia Manson, tena usome mchana.

Usimeze kila kitu pia. Bugliosi anadai Manson alitaka kuchochea vita vya weupe na weusi. Mwandishi wa habari Tom O'Neill, katika kitabu chake Chaos cha 2019, anaitilia shaka hoja hiyo.

Kama hofu inakuandama hata siku usizosoma, muone kwanza daktari au mshauri nasaha.